Kagugu: Kofia Chini ya Kofia

Msafiri atokaye Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambaye amezoea kulala bila blanketi mwaka mzima, hufika Kigali akidhani kwamba nchi iliyo karibu na mstari wa Ikweta haiwezi kuwa na baridi. Dhana hiyo humtoka asubuhi ya kwanza. Mji mkuu wa Rwanda uko nyuzi mbili tu kusini ya Ikweta, lakini umejengwa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mahali pengine zaidi ya hapo. Wataalamu wa hali ya hewa hutufundisha kwamba kila tupandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ndiyo sababu mtu wa pwani anapoamka katika joto la nyuzi 24, mwenziwe wa Kigali huamka katika nyuzi 15 au 16.

Nyuzi 15 si theluji, na mtembea kwa miguu huzishinda kwa sweta moja. Lakini mwendesha baiskeli na abiria wa pikipiki hawako sawa na mtembea kwa miguu. Wao hujitengenezea upepo wao wenyewe kwa mwendo wao. Upepo huo hupiga paji la uso, hupenya masikioni na kushuka shingoni. Ndipo swali la makala hii linapozuka, nalo ni swali linalowahusu askari, polisi na jamaa zao popote palipo na baridi, tangu Kigali hadi Mbeya, Njombe, Arusha na Nyahururu: mtu avae nini chini ya kofia ngumu ili kichwa kipate joto, na kofia hiyo isipoteze kazi yake?

Tumeichagua Kagugu iwe darasa letu, kwa kuwa mahali hapo milima yenyewe hufundisha.

Kitongoji cha mlimani

Kagugu iko upande wa kaskazini wa jiji la Kigali. Kwa mpango wa utawala wa Rwanda ni akagari, yaani sehemu ndogo ya umurenge wa Kinyinya, katika wilaya ya Gasabo. Kwa makadirio yetu tungesema ni mtaa mkubwa ndani ya kata. Majirani zake ni Gacuriro, Kinyinya na Gisozi. Huko Gisozi ndiko iliko Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambamo wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa mwaka 1994. Msafiri apitaye hapo hupunguza mwendo na sauti.

Miaka michache iliyopita sehemu kubwa ya vilima hivi ilikuwa mashamba na migomba. Leo nyumba zimepanda mteremko mmoja hadi mwingine. Mabati ya rangi, vigae, kuta za matofali, na baina yake vichochoro vya udongo mwekundu ambavyo mvua ya masika hugeuza utelezi. Barabara kuu ni ya lami, na kandokando yake kuna mifereji mirefu ya mawe, maana maji ya Rwanda hayana subira. Yakinyesha juu hutaka kufika bondeni saa hiyo hiyo. Mapema asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa katika bakuli, na vilele vya vilima huchomoza juu yake.

Saa kumi na mbili na nusu barabara imejaa. Watoto wa shule huteremka kwa makundi wakiwa na masweta juu ya sare zao. Mafundi, wauza mboga na makarani hungoja basi. Wapo waendao kwa pikipiki za abiria, ambazo Wanyarwanda huziita moto, na wapo wenye baiskeli: wengine zao wenyewe, wengine za kubebea abiria na mizigo. Waendeshaji wa baiskeli hizo za abiria huitwa abanyonzi, na katika vitongoji vya nje ya jiji msaada wao kwa mtu mwenye gunia la viazi si mdogo.

Sasa ndugu msomaji, angalia jinsi barabara ilivyo. Mtu atokaye Kagugu kwenda mjini huanza kwa kuteremka. Hushuka hadi bonde linaloitwa Utexrwa, kwa jina la kiwanda cha nguo kilichojengwa huko katika miaka ya 1980, au hushuka kwa upande wa Gisozi hadi Kinamba. Akishafika bondeni hana budi kupanda tena, ama kuelekea Kacyiru, kuliko na wizara kadhaa pamoja na Makao Makuu ya Polisi ya Rwanda, ama kuelekea katikati ya mji. Jioni safari hugeuka: huteremka kwanza kutoka Kacyiru, kisha hupanda kurudi nyumbani.

Fumbo lote limo katika mteremko na mpando huo. Asubuhi, mwendesha baiskeli huanza safari mwili haujapata moto, na dakika zile zile za kwanza ndizo za mwendo mkali na upepo mkali kuliko zote. Baridi humchoma masikio. Robo saa baadaye yuko kwenye mpando wa Kacyiru, anahema, na jasho linamtiririka hadi machoni. Akifika juu kichwa chake kimelowa. Na akikutana na mteremko mwingine, jasho lile hugeuka kuwa baridi kuliko ile ya kwanza. Mtu aliyevaa mzula mzito wa sufu kwa kuogopa mteremko wa Kagugu ataadhibiwa na mpando wa Kacyiru. Na asiyevaa kitu huadhibiwa kabla hajafika bondeni.

Mama, rubani na kilemba

Kwa desturi ya Kigali, kila mwenye pikipiki ya abiria hubeba kofia ngumu mbili: moja yake na moja ya abiria. Hutamuona abiria akipita barabarani kichwa wazi. Kofia hiyo wenyeji huiita kasike, neno walilolitwaa katika Kifaransa.

Asubuhi moja ya manyunyu, katika kituo cha pikipiki cha Kagugu, mama mmoja wa makamo alikuja akiwa amejifunga kitenge kichwani kwa ustadi, mafundo mawili yamesimama utosini kama ua. Chini ya kitenge alikuwa na mzula. Kijana mwenye pikipiki alimpa kofia ngumu, mama akaiweka juu ya vyote hivyo. Kofia ikakaa juu kabisa, paji lote la uso liko nje, na mkanda wa kidevuni haukufika.

"Mama, samahani," alisema kijana kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kinyarwanda, "punguza kidogo hapo juu. Kasike haijaingia."

"Mwanangu, na baridi hii! Wataka nipate mafua?"

"Mafua yana dawa, mama. Kichwa hakina spea."

Waliokuwapo wakacheka, na mama naye akacheka. Akavua mzula akautia mkobani. Kile kitenge akakifunga upya: kitambaa mara moja tu juu ya kichwa, kikafunika masikio, na fundo likashuka kisogoni, chini ya ukingo wa kofia. Kofia ikaingia hadi karibu na nyusi, mkanda ukafungwa, wakaondoka. Jambo zima halikuchukua dakika mbili. Masikio ya mama yalikuwa yamefunikwa vizuri kuliko awali, na kofia ilikuwa imekaa mahali pake.

Kwa kitendo hicho mama yule alionyesha fundisho la makala hii: baridi haipigwi vita utosini. Hupigwa vita masikioni, kwenye paji la uso na shingoni. Utosini kunatakiwa kitambaa kimoja chepesi tu.

Kofia ngumu hufanyaje kazi?

Ili tuone kwa nini kijana yule alikuwa na haki ya kushikilia neno lake, yatupasa kujua kilichomo ndani ya kofia ngumu ya baiskeli. Ganda la nje ni jembamba. Kinachookoa maisha ni povu gumu lililo ndani yake, la aina ile ifungiwayo vyombo vya umeme katika maboksi, lenye unene wa sentimita mbili au tatu. Kichwa kinapogonga lami, povu hilo hubonyea na kupasuka, na kwa kubonyea huko kichwa husimama polepole zaidi badala ya kusimama ghafla. Ni tofauti iliyopo kati ya kuangukia mchanga na kuangukia sakafu ya saruji. Kwa sababu hiyo kofia iliyokwisha kupigwa mara moja kwa nguvu haifai tena, hata ikiwa kwa nje inaonekana nzima.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walikusanya uchunguzi 40 uliohusu waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia ajalini, wakaona kwamba kuvaa kofia ngumu kuliambatana na kupungua kwa majeraha mabaya ya kichwa kwa karibu asilimia 70. Hata wanamichezo wakubwa, ambao kwa miaka mingi walikataa kuvaa, walikubali baada ya msiba. Mwezi Machi mwaka 2003, Andrei Kivilev wa Kazakhstan alianguka katika mashindano ya Paris–Nice nchini Ufaransa bila kofia, akafa kwa majeraha ya kichwa. Miezi miwili haikupita, chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, UCI, kikatoa amri ya kofia ngumu.

Lakini faida hiyo huja kwa sharti moja: kofia ikae mahali pake wakati wa kugonga. Mzula mzito, boshori la sufu, kilemba cha mizunguko mingi, au kofia ya jaketi iliyovutwa kichwani, huharibu sharti hilo kwa njia tatu.

Kwanza, huinua kofia ngumu juu. Paji la uso na panja hubaki wazi, na hizo ndizo sehemu ambazo mwendesha baiskeli hupenda kuangukia.

Pili, hufanya utelezi. Kitu laini na kinene kati ya kichwa na kofia huiacha kofia izunguke. Ikipigwa ubavuni hugeuka, na pigo la pili hukikuta kichwa kitupu.

Tatu, hudanganya mikanda. Mvaaji huilegeza ili kutoa nafasi. Baada ya mwendo kidogo sufu hujibana, nafasi hubaki, na mikanda huwa imelegea kama kamba ya mbuzi aliyekwisha kutoroka.

Msomaji askari hatashangaa kusikia haya, kwani tatizo hili ni la zamani jeshini. Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani liliwapa askari wake kofia ndogo ya sufu iliyofumwa, ya mwaka 1941, iliyokusudiwa kuvaliwa chini ya kofia ya chuma. Ilifumwa nyembamba ya kubana, yenye ukingo mdogo mbele na mkunjo wa kuteremsha juu ya masikio. Haikuwa kofia ya kuongeza unene utosini. Kanuni ni ile ile iliyotumika Kagugu.

Kutoka jeshini pia imetoka imani moja inayofaa kusahihishwa. Wengi wetu tumefundishwa kwamba karibu nusu ya joto la mwili hutokea kichwani, na wako waliojivika sufu utosini kwa ajili ya neno hilo. Kitabu cha mafunzo ya kujiokoa cha jeshi la Marekani cha mwaka 1970 kilitaja asilimia 40 hadi 45. Wataalamu wa siku hizi wameikanusha hesabu hiyo. Kichwa cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi yote ya mwili, na joto kinalopoteza halizidi sana kadiri hiyo. Ila uso, masikio na kisogo huhisi baridi upesi kuliko sehemu nyingine. Maumivu hayo ya masikio ni ya kweli. Dawa yake tu ndiyo tuliyoiweka mahali pasipo pake.

Wakimbiaji wa mbio na vilima vya Rwanda

Nchi hii imejijengea jina katika mchezo wa baiskeli. Mashindano ya Tour du Rwanda yalianza mwaka 1988, na tangu mwaka 2009 yamo katika kalenda ya kimataifa. Katika mwezi Septemba 2025, kuanzia tarehe 21 hadi 28, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya mbio za barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Siku ya mwisho wanaume walikimbia kilomita 267.5 wakizunguka na kupanda vilima vya jiji, ukiwamo ule wa Kigali Golf na ule wa mawe wa Kimihurura. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na katika umati wa walioanza ni 30 tu waliofika mwisho. Watu walijipanga juu ya kuta, juu ya miti na juu ya mapaa kuwatazama.

Tangu siku zile mtu akivaa kofia ngumu ya baiskeli mjini Kigali hatazamwi tena kama mgeni wa ajabu. Kabla ya hapo jiji lilikuwa limekwisha andaa njia: tangu mwaka 2016 zimewekwa Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungwa magari asubuhi ili wananchi wakimbie na kuendesha baiskeli, na mwaka 2021 zilianza baiskeli za kukodi mjini.

Wanamichezo hao nao wana kofia ya ndani. Wakienda kufanya mazoezi kaskazini, Musanze na Kinigi chini ya milima ya volkano, au Gicumbi, ambako barabara hupita mita 2,000, hukutana na mvua ya baridi hasa. Utawaona wamevaa kikofia cha kitambaa chembamba chenye ukingo mfupi, au utepe mpana uzungukao paji la uso na masikio; kisha kofia ngumu juu yake. Ukingo mfupi huzuia mvua isiingie machoni. Utepe hufunika masikio na kuacha utosi upumue. Jua likitoka, utepe hushushwa shingoni au hutiwa mfukoni bila hata kushuka kwenye baiskeli.

Mambo ya kuangalia

Kwa ajili ya wale watakaotaka kufuata, tumeyapanga mashauri haya kwa utaratibu.

Kitambaa kiwe chembamba, kisizidi unene wa fulana. Jezi ya michezo au sufu nyembamba hufaa kuliko pamba tupu, kwa maana pamba hunywa jasho na kukaa nalo muda mrefu. Jasho likikaa, mteremko unaofuata utakukumbusha.

Pasiwe na fundo, kishikizo, pini wala mshono mnene chini ya kofia ngumu. Kitu kigumu kidogo, kikibanwa nusu saa, huumiza kichwa. Na siku ya kuanguka huweza kukijeruhi. Mwanamke avaaye hijabu au mtandio atumie kitambaa cha kuvuta, kimoja, na mapindo yake ayashushe chini ya kisogo. Nywele zilizosukwa zifungwe chini, ukosini, na si kwa rundo la utosini.

Bereti haivaliwi chini ya kofia ngumu, hata kwa safari ya dakika tano kutoka kambini. Ukanda wake wa ngozi na beji yake vitaiinua kofia, na bereti yenyewe itaharibika. Ikunjwe itiwe mfukoni. Kadhalika kofia ya kiua, ambayo kwa uzuri wake haina mfano, inyang'anywe kazi hii. Ni ngumu, na husimama.

Kofia ya jaketi isivutwe chini ya kofia ngumu. Mbali na unene wake, hukata macho upande. Nchini Rwanda magari hupita mkono wa kuume, kinyume cha Tanzania, Kenya na Uganda. Msafiri wetu anayeendesha baiskeli huko, akitaka kukata kushoto, sharti ageuke atazame nyuma kwa bega la kushoto, na mazoea yake yote yamo katika bega jingine. Akigeuka ndani ya kofia ya jaketi ataona kitambaa tu.

Masikio yafunikwe lakini yasizibwe. Honi, breki na sauti ya mwenzako ni ulinzi wako.

Mfuko wa plastiki usivaliwe kichwani kuzuia mvua. Huhifadhi jasho, huteleza, na katika Rwanda mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu mwaka 2008. Msafiri huweza kunyang'anywa mpakani. Ikiwa mvua ni kubwa, funika kofia ngumu kwa nje kwa kitambaa kisichopenya maji, ili kuziba matundu yake. Kwa njia hiyo upepo pia hupungua bila kuongeza kitu chochote ndani.

Shingo isisahauliwe. Skafu nyembamba iliyoingizwa ndani ya jaketi, isiyoning'inia karibu na gurudumu, huleta joto kuliko mzula wa pili.

Kofia za pikipiki ni za namna nyingine. Hizo hufunika masikio na zina godoro lake ndani. Chini yake panatosha kitambaa kimoja chepesi, hasa kwa ajili ya usafi wa kofia ivaliwayo na abiria wengi kwa siku. Mwenye kitambaa chake mkobani hana haja ya kukunja uso apewapo kofia iliyokwisha kuvaliwa.

Kipimo cha kukaa sawa

Baada ya kuvaa kofia ya ndani, vaa kofia ngumu na ujipime mbele ya kioo. Ukingo wa mbele uwe juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili, usizidi. Mikanda ya pande mbili ikutane chini ya kila sikio. Chini ya kidevu paingie vidole viwili, visiingie vinne. Kaza kile kigurudumu cha kisogoni, ikiwa kipo. Kisha tikisa kichwa kushoto na kulia, kofia isicheze. Mwisho isukume kwa kiganja kutoka mbele kwenda nyuma. Ikiteleza na kuacha paji la uso wazi, basi kilicho chini yake ni kinene mno, au mikanda imelegea.

Kipimo hiki kifanywe kila unapobadili kivazi cha ndani. Mikanda iliyowekwa sawa kwa kichwa kitupu si sawa kwa kichwa chenye kitambaa, na ukivua kitambaa mchana wa joto, kaza tena kabla ya kuondoka. Kwa watoto kipimo hufanywa na mzazi, wala asiambiwe mtoto, "Kitakutosha mwakani." Kofia ngumu hainunuliwi kwa kukulia kama viatu vya shule.

Ushone mwenyewe nyumbani

Utepe wa masikio hauhitaji duka. Twaa jezi iliyochakaa yenye kuvutika. Pima mzunguko wa kichwa kwa utepe wa fundi, kupitia juu ya nyusi na juu kidogo ya masikio. Watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 54 na 60. Toa sentimita 4, ili kitambaa kibane kidogo. Kata kipande chenye urefu huo, ukiongeza sentimita 2 za mshono, na upana wa sentimita 10. Angalia kwamba upande unaovutika ndio ulio kwa urefu. Unganisha ncha mbili kwa mshono wa kwenda upande na kurudi, usije ukakatika ukivutwa. Fungua mapindo, yalaze bapa, ushone tena juu yake. Mshono ukae kisogoni. Pindo la juu lisikunjwe. Liachwe hivyo hivyo ili lisifanye ukuta chini ya kofia.

Kwa mwenye kipara, au kwa asubuhi za Kinigi, shona kikofia kamili. Kata vipande viwili vyenye umbo la nusu yai. Upana wa chini wa kila kimoja uwe nusu ya mzunguko wa kichwa ukitoa sentimita 2, na kimo kiwe sentimita 20 hivi. Viunganishe kwa mshono mmoja upitao juu kutoka mbele hadi nyuma, nao ulazwe bapa. Usikate vipande vinne, maana vitakutana utosini na kufanya kinundu, na kinundu hicho ndicho kitakachokuumiza.

Shona viwili kwa kila mtu. Kimoja huvaliwa, kingine kimefuliwa kiko kambani. Jasho la kichwa likikaa katika kitambaa huleta harufu na vipele, na kofia ngumu haifuliki kwa urahisi kama kitambaa. Wanafamilia wasibadilishane.

Gharama ya kazi yote ni uzi na saa moja ya jioni. Kwa gharama hiyo, mtoto huenda shule masikio yakiwa na joto, askari huenda zamu, mama huenda sokoni. Na kofia ngumu hukaa pale ilipokusudiwa na mtengenezaji, vidole viwili juu ya nyusi. Anayeivua njiani au kuilegeza kwa sababu ya baridi ameacha ulinzi wake kwa ajili ya jambo ambalo kipande cha jezi kuukuu kingelimaliza. Basi kabla ya msimu wa baridi kuingia kwetu, kila nyumba yenye baiskeli au pikipiki na itafute jezi moja iliyochakaa.